Banda la Kuni Kwanza, Boila Baadaye

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, jua likishazama hapa Daudi, Mbulu, hapakaliki nje bila shuka. Uwanda huu wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, upepo wa mashariki haukatiki, na nyumba nyingi siku hizi ni za tofali na bati zisizo na dari, kiasi kwamba joto la mchana kutwa hutoka kwa juu kabla watu hawajamaliza kula. Wazee wa Kiiraqw walijua kujikinga. Nyumba zao za kale zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likawa karibu usawa na ardhi, na mifugo ikalala humo humo na kutoa joto lake. Zilikuwa nyumba za giza na za kukohoa, lakini baridi haikuzipenya.

Sisi tumehamia kwenye bati na tumebaki na jiko la mkaa. Mtu huwasha mkaa uani, ukishakolea na moshi kwisha anauingiza chumbani, anafunga dirisha, analala. Mkaa usiotoa moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu akiwa usingizini bila hata kumkohoza. Mahali pa moto wa kuni au mkaa ni nje ya chumba cha kulala, na hilo halina mjadala.

Njia iliyo salama ni kuuacha moto nje na kuyaachia maji kazi ya kubeba joto hadi ndani. Pipa la maji, moto chini yake, bomba la kuingiza maji baridi na bomba la kutoa maji moto: mtambo mzima wa boila ni huo. Kambi za watalii za kaskazini na hosteli za misheni zimeutumia kwa miaka mingi, na wageni wao huuita Tanganyika boiler. Kenya kuna mafundi wanaouza tanki lililokwisha kutengenezwa, bomba la moshi likipita katikati ya maji, kwa jina la kuni booster. Marekani, katika majimbo ya theluji kama Minnesota, mtu huweka tanuru la chuma uani, akalijaza magogo, na pampu ikayasukuma maji moto ndani ya mabomba yaliyofukiwa hadi kwenye redieta za nyumba nzima. Kampuni ya Central Boiler ya huko imekuwa ikiunda matanuru hayo tangu 1984.

Kwetu hakuna haja ya kufika mbali hivyo. Baridi ya Daudi inataka maji ya kuoga jioni, maji ya kuoshea vyombo vya maziwa alfajiri, na kitanda kisichomshtua mtu anapojilaza. Hayo yote pipa moja linayaweza, mradi mwenyewe aanze na mambo yanayopaswa kuanza.

Hesabu ya kuni

Wengi huanza kwa kutafuta pipa. Anza kwa kuhesabu kuni. Pipa la kawaida la lita 200, maji yakiwa nyuzi joto 15 siku ya Julai nawe ukitaka yafike nyuzi 60, linahitaji joto la megajuli 38 hivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina megajuli 15 au 16. Kwenye karatasi, basi, kilo mbili na nusu zinatosha. Kwenye moto hazitoshi hata kidogo, maana joto jingi hupotea hewani. Tuseme moto wa mafiga chini ya pipa lililo wazi unapeleka kwenye maji sehemu 15 kwa 100. Utachoma kilo 16 au 17. Pipa hilo hilo likizungushiwa tofali, moshi ukalazimishwa kulilamba tumbo kabla ya kupanda kwenye dohani, na tuseme sasa linanasa sehemu 30 kwa 100, basi kilo nane au tisa zinamaliza kazi. Ndiyo maana tunajenga. Vinginevyo mafiga matatu yangetosha.

Sasa zidisha kwa siku. Kilo tisa kila jioni ni zaidi ya tani tatu kwa mwaka. Je, shamba lako linatoa tani tatu za matawi ya mgrevilea, mkeresi na mkaratusi kila mwaka, na miti ikabaki imesimama? Kama halitoi, si lazima uache, punguza. Ukiwasha Juni, Julai na Agosti peke yake, kila siku, hufikishi tani moja. Mwenye ng'ombe wa maziwa anayehitaji maji moto mwaka mzima afikirie pia mtambo wa jua juu ya bati wa kuyapasha maji kwanza, kuni zikamalizia tu siku za ukungu.

Kuni zitoke shambani mwako au kwa muuzaji mwenye kibali. Misitu ya Nou na Marang ni hifadhi, na kukata mti humo bila ruhusa ni kosa kisheria. Sheria ya Misitu ya 2002 ipo, na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) wana watu wao. Hata pasingekuwa na sheria, vijito vinavyojaza matanki ya uwanda huu vinategemea misitu hiyo, na anayeifyeka ili achemshe maji atakuja kukosa maji ya kuchemsha.

Ukubwa wa pipa nao una hesabu yake, na hapa watu hupenda kujikweza. Lita 200 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji baridi hadi nyuzi 40, ambazo ni joto zuri la kuoga, huwa lita 360. Toa robo kwa sababu kila unapochota maji moto, baridi huingia chini na kuyapoza yaliyobaki. Unabaki na lita 270. Kwa ndoo ya lita 15 ni watu 18. Kwa bafu la mvua linalomwaga lita nane kwa dakika, kila mtu akioga dakika tano, ni watu sita na kidogo. Familia ya watu sita yenye tanki la lita 500 inapasha maji yatakayopoa usiku bila kuguswa na mtu.

Kuni za Juni hupasuliwa mwaka wa nyuma

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama boila litakufaa au litakuudhi, na ndiyo sehemu ambayo fundi hatakuambia kwa sababu haimhusu. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni, moto unaanza kwa kuyachemsha maji yaliyo ndani ya kuni kabla haujakumbuka yaliyo ndani ya pipa. Unapata moshi mweupe mzito, masizi, dohani iliyoganda lami nyeusi ndani, na jirani asiyekusalimia.

Mvua za Mbulu huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Muda wa kukausha ni Juni hadi Oktoba, na baridi kali inaangukia mwanzoni mwa muda huo huo. Kwa hiyo kuni utakazochoma Juni hii zilipaswa kupasuliwa mwaka jana mvua zilipokatika, zikapigwa na jua na upepo hadi Oktoba, kisha zikavushwa masika chini ya bati. Anayejenga boila Mei na kukata kuni Mei hiyo hiyo atalilaani boila bure. Afadhali mwaka wa kwanza ujenge banda la kuni peke yake, ulijaze, na boila lije mwaka wa pili. Najua ushauri huu hauvutii, na wengi hawataufuata.

Banda lenyewe si kitu kikubwa. Nguzo nne, bati juu, pande zote wazi ili upepo wa mashariki upite, na fito mbili chini ili kuni zisiguse ardhi. Ukiliziba pande zote kwa maturubai umejenga nyumba ya ukungu. Pasua kuni unene wa kifundo cha mkono, na urefu ulingane na chumba cha moto. Mkaratusi upasue ukiwa mbichi. Ukishakauka unarudisha shoka. Mkeresi unashika moto haraka na unarusha cheche, hivyo ni wa kuwashia. Mgrevilea unapogolewa kila mwaka bila kufa, na kwa mwenye shamba dogo sioni mti unaoushinda. Magunzi ya mahindi ni mazuri kwa kuanzishia.

Kujua kama kuni imekauka, gonganisha vipande viwili: kikavu kinalia kwa sauti kali, kibichi kinatoa mlio wa kufifia. Tazama ncha zake, zina nyufa? Gome linabanduka lenyewe? Mwenye mizani ya dukani apime kipande kile kile kila wiki. Siku uzito unapoacha kushuka, kimekauka. Na kama ukikiweka motoni povu linatoka nchani, kirudishe bandani.

Usichome plastiki, wala matairi, wala vipande vya nguzo zilizotiwa dawa. Moshi wake ni sumu, na majivu yake hayafai hata kuyamwaga shambani.

Pipa na nyumba yake

Usinunue pipa lililobeba dawa za mimea au kemikali usizozijua, hata likiwa la bei ya kutupa. Pipa la mafuta ya kula au ya mashine linafaa likisafishwa. Lakini mafundi wa kuchomelea huumia hapa: pipa lililokuwa na petroli au dizeli huonekana tupu huku limejaa mvuke wa mafuta, na cheche moja ya kukatia inalipua. Kabla ya kukata au kuchomelea, lifunguliwe vifuniko vyote, lioshwe kwa maji moto na sabuni, kisha lijazwe maji hadi karibu na pale panapokatwa. Fundi akikucheka, tafuta mwingine.

Chuma cha pipa la kawaida ni chembamba, milimita moja na kidogo, na kutu italimaliza baada ya miaka michache. Ukiwa na uwezo, mpe fundi bati la milimita tatu alikunje kuwa tanki. Litakuwa zito na ghali, ila hutalijenga mara mbili.

Lilaze pipa, usilisimamishe. Sababu ni ya hesabu: pipa likisimama, moto unagusa kitako chake tu, ambacho ni kama robo ya mita mraba. Likilala, nusu ya mwili wake iliyoelekea motoni ni karibu mita mraba 0.8, mara tatu zaidi. Likalishe juu ya nondo nzito zilizokaa kwenye kuta mbili za tofali za kuchoma, na liinue kidogo upande ambao bomba la maji moto linatokea ili hewa isinaswe ndani.

Kati ya tumbo la pipa na tofali acha nafasi ya vidole vitatu hivi. Moshi upite humo ukilikumbatia pipa pande zote mbili, ndipo uingie kwenye dohani iliyo nyuma, mkabala na mlango wa kuni. Nafasi ikiwa kubwa moto unapita bila kuacha joto. Ikiwa ndogo masizi yanaiziba kwa wiki mbili. Chini ya moto weka wavu wa nondo ili hewa iingie kwa chini na majivu yaanguke. Mlango uwe wa bati nene, na chini yake tundu la hewa lenye kifuniko cha kutelezesha.

Kwa ndani ya chumba cha moto usitumie simenti, kwa maana hupasuka kwa joto. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu kidogo unavumilia kuliko simenti ya kawaida ya dukani, na ni bure. Nusu ya juu ya pipa ifunike kwa tofali na udongo wenye majani makavu, unene wa kiganja kilichonyooshwa, na juu yake bati la kuzuia mvua. Pipa lililovikwa hivyo jioni litakuwa bado na maji ya uvuguvugu alfajiri, na mkamuaji atakushukuru. Baada ya kujenga, washa moto mdogo mdogo kwa siku kadhaa, pipa likiwa limejaa maji, ili udongo ukauke taratibu. Ukianza na moto mkubwa utapata nyufa siku ya kwanza.

Dohani iwe ya inchi nne hadi sita, na ipande kuliko ukingo wa paa la karibu. Jioni za Juni hewa baridi hujaa mabondeni na moshi unalala nayo. Dohani fupi inaupeleka dirishani kwa jirani. Kabla ya kuchagua mahali, washa majani mabichi uani jioni mbili tatu uone moshi unakwenda wapi. Boila likae karibu na bafu, kwa kuwa kila mita ya bomba ni joto linalopotea, lakini likae mbali na ghala la mahindi, nyasi za mifugo na paa la nyasi. Hatua kumi si nyingi.

Bomba la pumzi

Ukiishiwa fedha katikati ya ujenzi, acha dohani fupi, acha mlango wa bati, acha hata bafu lenyewe. Bomba la pumzi usiliache.

Maji yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 90 yanavimba, na pipa la lita 200 linataka nafasi ya lita saba za ziada. Hilo ni dogo. Yakichemka, na hapa kwetu kwenye mwinuko yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kila lita inayogeuka mvuke inataka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Ikikosa pa kwenda, pipa linapasuka, na waliokuwa wamekaa karibu kuota moto ni watoto.

Kwa hiyo, kutoka sehemu ya juu kabisa ya pipa, bomba la chuma la inchi robo tatu au inchi moja lipande moja kwa moja bila koki, bila valvu, bila kiungo chochote ambacho mtu anaweza kukifunga. Lipite usawa wa juu wa maji ya tanki la maji baridi na kuzidi kwa nusu mita, kwa sababu maji moto ni mepesi na husimama juu kidogo kuliko baridi. Kinywa chake kielekezwe chini, upande ambao hapapiti mtu. Ukiona linatema maji wakati moto ni wa kawaida, ni fupi, liongeze. Mtu akikushauri uzibe kinywa chake ili maji yasipotee, usimpe tena kazi. Valvu ya usalama ya dukani ni nyongeza nzuri, si badala yake: ukoko wa maji magumu huigandisha, nawe hujui hadi siku unapoihitaji.

Maji baridi yaingie chini ya pipa, maji moto yatoke juu. Bomba la baridi lifanye mzunguko mdogo wa kushuka na kupanda kabla ya kuingia ili joto lisirudi kinyumenyume hadi kwenye tanki. Mita mbili za kwanza za bomba la maji moto ziwe za chuma. Baada ya hapo PPR inatosha. PVC ya kawaida italegea na kuachana kwenye viungo. Sehemu ya chini kabisa ya pipa weka koki ya kutolea tope.

Tanki la maji baridi, simtanki au pipa jingine, likae juu kiasi cha kufikisha maji bafuni, si zaidi. Hapa watu hawajui nguvu ya maji. Maji yakisimama mita nne juu ya pipa lililolala, kila mfuniko wa pipa unasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani moja. Ndiyo maana mapipa huvimba mbavu. Kama huwezi kulishusha tanki, fundi achomelee ubapa wa chuma kukatiza kila mfuniko. Daudi ni nchi ya vilima, na mwenye uwanja wa mteremko amebahatika: tanki huliweka juu ya mteremko kwenye msingi wa mawe, bila kujenga mnara.

Kuwasha

Kabla ya kiberiti, fungua koki ya maji moto. Maji yakitoka, pipa limejaa, washa. Yasipotoka, usiwashe. Sheria hiyo ifundishwe kila anayeweza kushika kiberiti nyumbani, kwa maana pipa tupu linaungua viungo kwa dakika chache tu. Na ikitokea tanki limekauka huku moto unawaka, vuta kuni zote nje, ziache zizime, na subiri pipa lipoe kabisa. Kuingiza maji baridi kwenye chuma chekundu ni kutengeneza mvuke wa ghafla.

Moto mdogo mkali ni bora kuliko moto mkubwa uliozibwa pumzi. Wamarekani wamejifunza hili kwa gharama: matanuru yao ya uani yalikuwa yanajifunga hewa yenyewe maji yakishapata joto, magogo yakabaki yanafuka usiku kucha, na malalamiko ya moshi yakawa mengi hadi serikali yao kuu mwaka 2015 ikaweka viwango vya moshi kwa matanuru mapya. Wewe huna haja ya kuujaza mlango kwa magogo ya usiku. Weka kuni chache kavu, tundu la hewa wazi kabisa, ziwake kwa mwali, ongeza kidogo kidogo, na saa moja na nusu baadaye funga. Kuta za tofali zitaendelea kuyapasha maji zenyewe.

Ukisikia pipa linagonga au linanguruma, maji yamefika kuchemka. Acha kuongeza kuni, fungua koki ya maji moto, kaa kando. Usimwagie moto maji, kwa sababu tofali za moto zikimwagiwa maji hupasuka.

Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi. Bafuni baridi hufunguliwa kwanza, moto unafuata. Koki ya maji moto ya nje iwe juu kuliko mkono wa mtoto wa miaka mitano.

Maji ya pipa si ya chai. Yana kutu, na katika sehemu kadhaa za Manyara na Arusha maji yana madini ya floraidi ambayo kuchemsha hakuyaondoi. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke floraidi inazidi kukolea.

Kuna suala ambalo vitabu vya ufundi haviligusi: nani atapasua kuni? Mara nyingi boila hujengwa na baba, na miezi miwili baadaye ni mama na mabinti wanaolibeba. Anayetaka kuoga maji moto kila jioni ashike shoka. Nimeona nyumba ambako utaratibu huo ulipunguza hamu ya kuoga kwa kiasi kikubwa, na kuni zikadumu.

Joto hadi chumbani

Je, maji hayo yanaweza kupasha nyumba? Yanaweza kupasha chumba kimoja. Redieta moja ikiwekwa juu kuliko boila, bomba la maji moto likapanda kwake na lingine likarudi chini ya pipa, maji yatazunguka yenyewe bila pampu. Lakini kupasha chumba kisicho na dari chini ya bati ni kumpashia joto mbayuwayu. Weka dari kwanza, hata ya mbao nyembamba au mikeka iliyobanwa vizuri, ziba mwanya kati ya ukuta na bati, weka kizuizi chini ya mlango. Wengi wakishafanya hayo hawahitaji tena redieta.

Cha bei nafuu kuliko vyote ni mpira wa maji moto. Hoteli za ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, ambako baridi ni kali kuliko kwetu, huwawekea wageni mpira mmoja kitandani kila usiku, na wageni waliolipa dola nyingi huridhika. Ujaze robo tatu, toa hewa, funga kizibo sawasawa, uvike kitambaa. Usimwekee mtoto mchanga.

Matunzo

Kila mwezi wa matumizi, fungua koki ya chini hadi tope liishe na maji yatoke meupe. Kwangua masizi kwenye tumbo la pipa. Masizi ya unene wa karatasi chache tu yanazuia joto. Dohani isafishwe kwa brashi ya waya kabla ya Juni na baada ya Agosti. Majivu yakae kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko siku mbili tatu kabla ya kumwagwa, kwa sababu kaa hujificha ndani yake. Yakipoa, yanyunyize kwa wepesi shambani, hasa kwenye udongo wenye asidi. Vitunguu saumu vitakubali, lakini viazi mviringo viache, majivu huviletea ukurutu.

Neno kwa wenye hosteli, shule na nyumba za wageni. Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa wa kupikia kwa taasisi zinazohudumia zaidi ya watu 100 kwa siku kuanzia 31 Januari 2024, na mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Marufuku hiyo inazungumzia jikoni, si bafuni, lakini moshi ni ule ule na mkaguzi ana macho. Kama bweni lako lina watu wengi, nenda ofisi ya halmashauri mjini Mbulu ukaulize kabla hujanunua tofali hata moja.